Mafuta ya Mbuzi Ulingoni

Nilipokuwa mtoto Lodwar niliamini mambo mawili bila kuuliza: kwamba mjomba wangu Ekal angeweza kumpiga mtu yeyote duniani, na kwamba akala za nyanya hazisemi uongo. Siku ya pambano la mkanda kule Kakuma, imani moja ilibidi ife.

Akala, viatu vya tairi, mnazijua. Kwetu wapo wanaozirusha juu na kusoma zinavyoanguka, na nyanya, ambaye sote tulimwita Ata, alikuwa na mkono huo. Asubuhi ile alizirusha mbele ya lori la mashabiki. Moja ikalala kifudifudi, ya pili ikaipanda mgongoni. Akatangaza, lori zima likisikia, kwamba Ekal ataanguka bila kuguswa.

Mjomba alicheka. Ata hakucheka. Tulipofika Kakuma alitoa mafuta ya mbuzi, na pale pale kando ya ulingo akampaka kifua, mgongo, mpaka nyayo. Kinga hiyo. Mjomba alipigana peku, maana viatu alivyoazima vilimbana.

Mwenye mkanda alikuwa Deng, kijana wa Sudan Kusini aliyeishi kwenye kambi ya wakimbizi, mrefu hata nikashuku kasimama juu ya kiti. Kengele ikalia. Deng akarusha konde, likapita mbali kama nzi mwenye shughuli zake. Miguu ya mjomba ikatangulia mbele, kisogo kikapiga turubai, akahesabiwa mpaka mwisho.

"Ameuza pambano!" Kelele zilitoka kwenye lori letu wenyewe. Mwenye lori akaapa kwamba hampandishi msaliti; abaki kambini apange foleni ya mahindi. Kisha mtu akakumbuka: yule mama mzee si alijua tangu asubuhi? Basi na yeye kala hongo. Mimi nililia kwa sauti ambayo sijaifikia tena, hata siku ya harusi yangu.

Deng naye alikuwa akimlalamikia refa. "Mimi sijagusa yeye. Mkanda ya namna hii nitavaa wapi?"

Ndipo Ata alipovua akala, akapanda ulingoni kuwalaani. Watu wakarudi nyuma, maana laana ya bibi mzee si kitu cha kuchezea. Akainua mkono, akasogea pale alipoangukia mwanawe, na shwaa! Akakaa kitako. Akanusa kiganja chake taratibu.

"Mbuzi wangu," akasema.

Deng alimwinua kwa mikono miwili. "Ejok, mama," akamsalimu kwa Kiturkana. "Na wewe umeuza?"

Mwenye lori ndiye aliyecheka kwanza. Tulirudi Lodwar sote, bila mkanda, jina la mjomba likiwa safi na nguo zikinuka. Njiani mjomba alinung'unika kwamba bila yale mafuta asingeanguka.

"Akala zilisema utaanguka," Ata akamjibu. "Hazikusema nani atakuangusha."

Nimezunguka nchi nyingi tangu hapo, nimeona mapambano kwenye kumbi zenye viyoyozi, na kila watu wanapopiga kelele za kuuza, mimi hutazama sakafu kwanza. Lakini maneno ya Ata niliyaelewa juzi tu. Binti yangu alikuwa na usaili wa kazi Kalobeyei. Nilimpigia simu kumpa nasaha, nikampigia tena kumkumbusha nasaha, mpaka pikipiki ikamwacha, akakosa usaili.

Nilikata simu, nikainusa mikono yangu. Mbuzi.