Anga Lenye Kipara

Wingu, kama walivyomwita wapigapicha wenzake, hakupiga mandhari yenye anga tupu. Hiyo ndiyo kanuni yake, na aliishika kwa uchaji kuliko wengi wanavyoshika ndoa zao. Riziki aliipata kwa picha za pasipoti, kwenye kibanda kando ya ofisi ya vitambulisho, wateja wamekodoa macho kama wezi waliofumaniwa, na hapo hakudai wingu lolote. Siku ya mapumziko ndipo alipojitwika kamera ya mbao, kubwa kama mzinga wa nyuki, na miguu yake mitatu, akaenda kupiga milima kwa picha nyeusi na nyeupe. Kila picha ilikula karatasi nzima ya filamu, na filamu zenyewe zilikuwa adimu.

"Anga tupu ni kipara," alisema. "Nani hutundika kipara ukutani?"

Yeye mwenyewe alikuwa nacho. Shemeji zake hawakuacha kumkumbusha.

Mama mkwe wake alizaliwa na kuzeekea chini ya kilima chenye nundu mbili. Kilipouzwa kikavunjwe kokoto za barabara, alihamia kwa binti yake na godoro na kuku wawili. Siku hizo simu zilikuwa za kuongelea tu, basi akaomba.

"Mkwe wangu, nipigie kilima changu kabla hawajakimaliza."

"Mama, nitakipiga mpaka ulie."

Akaenda na mkewe. Anga lilikuwa jeupe kama sahani iliyorambwa. Ilipofika saa nne likageuka bluu, naye akafunga kioo chekundu mbele ya lenzi, ili bluu itoke nyeusi na wingu lolote ling'ae. Akajifunika kitambaa cheusi kurekebisha picha, kilima kimesimama kichwa chini kwenye kioo cha nyuma. Kichwa kikiwa bado kitambaani, wingu nene likaja likatua juu ya nundu ya kushoto. Mkewe akamgonga mgongo. Akachomoka, akafunga lenzi, akachomeka filamu, akavuta kifuniko chake. Wingu limekwenda zake.

"Piga hivyo hivyo!"

"Hapana." Akarudisha kifuniko.

"Stoo umejaza filamu za mawingu ya miaka ishirini. Si uchapishe moja hapo juu?"

"Wingu la kubandika ni uongo."

Hapo alisema kweli, na haki yake apewe. Lakini anayekataa uongo huku akivunja ahadi hajawa mwadilifu. Amechagua tu dhambi inayompendeza.

"Na kilima je?"

"Mlima hauna miguu. Utanisubiri."

"Hauna miguu, ila tingatinga lina minyororo."

Wiki tatu alikwenda na kurudi na filamu ile ile. Mama mkwe alimpokea mlangoni.

"Wamefika wageni wako?"

"Bado, mama."

"Labda hukuwaalika vizuri."

Wiki ya nne mawingu yakaja, yamerundikana kama povu la sabuni. Chini yake hakukuwa na nundu ya kushoto wala ya kulia. Palikuwa na shimo, vumbi na tingatinga lililopumzika. Wingu akapiga. Afanyeje, na kanuni imetimia?

Stooni, mbele ya sinia zake tatu za dawa ya kusafishia picha, alionyesha ufundi wake wote. Alikinga sehemu ya chini kwa kiganja, akaliacha anga lipigwe na taa mpaka likaiva jeusi. Hajawahi kuchapisha picha safi kama ile. Akaipeleka ikiwa bado mbichi, imening'inia kwenye vibanio vya nguo.

Mama mkwe akaigeuza huku na huku.

"Wingu zuri, mkwe wangu. Sasa kwangu ni wapi?"

Akaweka kidole chini ya wingu. "Hapa, mama."

"Hapa pana kipara."

Akamrudishia, akaenda kuwalisha kuku wake.

Alikufa mwaka uliofuata. Wingu ana picha mia mbili za mawingu mazuri. Ya kile kilima hakuna hata moja, kwake wala kwa mtu mwingine.