Fundi wa Igoma na gurudumu linalosugua pasipo kugusa

Saa tano asubuhi, Igoma. Wilhelmina Ndalahwa anainua mkono, na Ngosha, mchomeleaji wa banda la jirani, anazima mashine yake bila kuuliza. Baiskeli nyeusi imening'inizwa kwa kamba kwenye boriti. Fundi analisukuma gurudumu la mbele kwa kiganja.

Linazunguka. Anapitisha kidole chake kidogo kati ya tairi na foku, ule uma wa chuma unaoshika gurudumu, kushoto, kisha kulia. Kinapita vizuri, hakiguswi na kitu.

Halafu inasikika. Shii. Shii. Sauti ya mpira unaosugua chuma.

Gurudumu linapunguza mwendo na kusimama. Sauti inaendelea kidogo, kama vile haijapata habari, ndipo inakoma. Kwenye benchi, Adoyo, mwenye baiskeli hiyo, ameshusha kikombe chake cha uji na anasikiliza.

"Miezi yote hii ilikuwa kimya," anasema Wilhelmina, na uso wake unaonyesha angependa iendelee kunyamaza.

Wilhelmina ana miaka 46 na ufundi wa baiskeli aliurithi kwa baba yake. Wateja wapya humuuliza fundi yuko wapi. Huwaacha wamtafute kidogo, kisha anawaambia wameshamkuta. Siku nzuri hupata shilingi elfu kumi na tano. Siku ya mvua huondoka na grisi mikononi, basi.

Ugomvi wake na wateja ni mmoja: upana wa tairi. Siku hizi zimeingia baiskeli za mtumba zilizotengenezwa kwa barabara za changarawe, nyepesi, zenye usukani uliopinda. Wachuuzi wa samaki wanazipenda kuliko nini, na kila mmoja anataka tairi pana lisilozama.

"Watu wanaangalia tairi peke yake," anasema. "Hawaangalii ringi wala foku. Tairi pana ukilivalisha ringi nyembamba, linavimba kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Ukikata kona linalala. Na hata ringi ikilikubali, foku je? Tope nalo linataka pa kupita."

Ndiyo maana ya kile kidole. Kisipopita kwenye foku na kwenye fremu, Wilhelmina halifungi tairi hilo. Ukikasirika, uende kwa fundi mwingine.

Josephat Okech, mume wa Adoyo, alikwenda kwa mwingine.

Okech alikuwa akibeba dagaa kutoka mwaloni, mitumbwi inakoshusha samaki, hadi sokoni Kisesa, mtu wa utani, anayepiga kengele hata njia ikiwa tupu. Alipokwishafungiwa tairi lake pana, alipita kibandani kumringia Wilhelmina.

"Dada, si hili hapa, linapita."

"Linapita kwa sababu ni kavu," fundi alimjibu. Nafasi iliyobaki ilikuwa ya ukucha.

Okech alicheka, akapiga kengele, akaenda zake. Wilhelmina hakumwona tena.

Masika yaliposhuka, wavuvi waliikuta baiskeli yake katikati ya mbuga, lile bonde la udongo wa kunata karibu na ziwa. Ilikuwa imesimama wima yenyewe. Haina stendi, haikuegemea kitu, na tenga la dagaa lilikuwa bado limefungwa kwenye keria. Udongo mweusi wa mbuga ulikuwa umejaa kati ya tairi na foku na kukaza kama saruji. Walimtafuta Okech mbugani, wakamtafuta ziwani. Mpaka leo hajapatikana.

Ndugu wa mume walitaka baiskeli ikae nje ya boma, isiguswe, mpaka mwenyewe apatikane azikwe. Adoyo aliwasikiliza kwa heshima zote.

"Nikawauliza, na watoto nao wakae nje?" anasimulia. "Sina kingine cha kubebea dagaa."

Akaikokota hadi Igoma. Wilhelmina aliling'oa tairi pana, akafunga jembamba linalolingana na ringi, akapitisha kidole. Kikapita. Akazungusha gurudumu, na hapo ndipo alipoisikia kwa mara ya kwanza ile shii, shii.

Alifungua kila kitu. Gololi zilikuwa nzima, spoki zimenyooka, foku haijapinda. Kesho yake asubuhi alikuta mkwaruzo mpya ndani ya foku, na ndani ya mkwaruzo tope jeusi, bichi. Igoma ni mchanga na mawe. Udongo ule haupo.

"Niliogopa," anasema. "Sitaki kudanganya. Nilifunga banda mchana, nikaenda kukaa kwa watu."

Ngosha alitoa ushauri wake. "Iuze chuma chakavu, mama. Mimi mwenyewe nitaikata."

Lakini baiskeli haikuwa ya Wilhelmina. Alimwita Adoyo, akamweleza ukweli: tairi halisugui popote, na linasugua. Hawezi kumkabidhi mtu chombo asichokielewa, kisha kimfanye kama kilivyomfanya mumewe.

Adoyo aliomba azungushiwe asikie. Akasikiliza mpaka mwisho, machozi yakimtoka.

"Ni yeye," alisema. "Lile tairi lilikuwa linasugua hivyo hivyo, dada. Nikilisikia tangu kona ya kanisani, naweka maji ya ugali motoni. Akifika, yanachemka."

Aliichukua. Wilhelmina alimfuata nyuma na baiskeli yake mwenyewe siku hiyo ya kwanza. Jua lilikuwa kali, na mbali juu ya ziwa wadudu wadogo wanaozaliwa majini walikuwa wamepanda kwa wingi kama moshi wa kijiji kizima kinachoungua. Njia nzima gurudumu halikutoa sauti.

Walipokaribia mbuga, likaanza. Mbele yao ardhi ilikuwa kavu, imepasuka pasuka, ya kupita bila wasiwasi. Adoyo alishuka. Aliokota fimbo ndefu, akaichomeka ardhini, ikazama yote mpaka mkono wake ukagusa udongo. Wakazunguka kwa juu, na sauti ikakoma.

Tangu hapo Adoyo anafanya biashara yake na baiskeli imekuwa kimya. Wilhelmina, kwa upande wake, anaweka akiba anunue ringi pana na foku zenye nafasi kutoka kwenye mitumba.

"Anayetaka tairi pana nimpe na vinavyolingana nalo," anasema. "Asitoke hapa na tairi la kulazimisha. Nikifika hapo, nitalala usingizi."

Lakini leo Adoyo alileta baiskeli kukazwa breki tu, na gurudumu limeanza tena. Fundi anaichukulia sauti hiyo kama onyo. Anakaza nati ya mwisho polepole kuliko inavyohitajika, anaishusha baiskeli, na haiachii.

"Mama Apiyo," anamwambia Adoyo kwa jina la mwanawe, "leo ulale kwangu. Huko kwenu kumenyesha."

"Nitapita barabara ya lami, dada."

"Basi ngoja nifunge kazi nikusindikize."

Adoyo ameshajifunga kanga kiunoni. Anashika usukani, anautoa taratibu mikononi mwa fundi, na anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Siwezi kungoja," anasema. "Sijaweka maji motoni."