Wembe Wangu Haukukosea

Chekeni mtakavyo, lakini wembe niliochagua ulikuwa wembe hasa. Siku ya khitma nyumbani kwa mama mkwe, Kiembe Samaki, nilipewa kazi ya kukata plastiki nene ya kutandika chini, wageni walie chakula juu yake. Wifi yangu Zuhura akaniletea mkasi.

"Mkasi unaacha meno," nikamwambia, nikatia wembe mpya kwenye kisu changu, ule mgumu. Nikakatia palepale sebuleni, juu ya zulia. Ukingo ukanyooka, wageni wakausifu, nami nikavimba kichwa.

Walipoondoka, mama mkwe akavuta zulia lake akalikung'ute. Mkononi ukamjia ukanda mmoja tu.

"Nani kalikata zulia langu?"

Zuhura akanitazama.

"Mimi, mama," nikasema. "Lakini tazama, halina hata jino moja."