Sukari ya Paka wa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu hakuwa na desturi ya kunipigia simu. Akiwa na neno nami, alilipitisha kwa mke wangu, na mimi nikiwa na jibu nililirudisha kwa njia hiyohiyo. Haikuwa chuki. Kwetu Burundi mkwe na mabukwe, yaani mama wa mke, huheshimiana kwa kukaa mbalimbali. Ila kati yetu umbali ulikuwa umezidi kidogo. Yeye alikuwa Muyinga na sisi Gitega, halafu mimi nilikulia Tanzania. Wazazi wangu walikimbia vita nikiwa mtoto wa mgongoni, na tuliporudi amani ilipopatikana nilikuwa mwanamume mwenye ndevu na cheti cha udaktari wa mifugo. Yeye hakukimbia. Alibaki dukani kwake, akauza vitenge miaka yote ile, akafunga mlango risasi zikilia na kuufungua zikinyamaza. Nadhani aliona kwamba mtu aliyebaki na mtu aliyerudi hawawi ndugu kwa sababu tu binti yake amependa. Kiswahili changu alikiita Kiswahili cha redio.

Kwa hiyo asubuhi ile namba yake ilipotokea kwenye simu, nilidhani kuna msiba. Nilikuwa Bugendana, ndani ya zizi, mkono wangu umeingia kwa ng'ombe aliyeshindwa kuzaa. Nikamwomba mwenye ng'ombe anishikie simu sikioni.

"Mkwe, umeamkaje?"

"Salama, mama. Shikamoo. Kuna nini huko?"

"Huyu paka wangu. Iko na ugonjwa yangu."

Ugonjwa wake ulikuwa kisukari. Aliugua tangu kabla sijamwoa binti yake, na kila siku alijichoma sindano ya insulini.

"Paka, mama?"

"Sasa mi nasema nini? Paka! Iko nakunywa maji kama ng'ombe zako. Anakula, anakula, na anakonda tu. Mi, wakati sijajua ugonjwa yangu, nilikuwa vilevile. We njoo uone."

Ndama alitoka mzima. Jioni nilimsimulia mke wangu, akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaniangalia.

"Mama amekupigia wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Basi nenda."

Nikaenda, kwa barabara ya Karuzi, nikiwa na wasiwasi ambao sikumwambia mtu. Nilizoea ng'ombe, mbuzi, nguruwe na kuku. Paka nilikuwa nimewatibu minyoo na vidonda vya kupigana, basi. Kwetu paka anayeugua hujificha uvunguni, akapona au asipone.

Paka mwenyewe alikuwa dume la rangi ya manjano, zamani kubwa kama mwanakondoo. Jina lake silitaji, kwa sababu mama mkwe alimpa jina la shemeji yake mmoja, na shemeji huyo yu hai na hajui. Nilimkuta amelala juu ya robota la vitenge. Nilipomwinua nikahisi uti wa mgongo kama shanga. Nilipomweka chini alitembea kwa kukanyaga visigino vya miguu ya nyuma, kama sungura, na hapo wasiwasi wangu ukaongezeka, kwa sababu nilikumbuka kusoma kwamba sukari ikikaa juu muda mrefu humfanya paka atembee hivyo.

"Anakula nini, mama?"

"Anakula na mimi. Asubuhi chai ya maziwa, na andazi. Wali. Akipenda, ndagala, nyinyi mnaita dagaa."

"Chai ina sukari?"

"Ya kwake, ndiyo."

Mashine ya kupimia sukari ilikuwepo, ya mama mkwe mwenyewe, aliyoitumia kwa nadra. Nilipasha moto kitambaa, nikakishikilia kwenye sikio la paka mpaka mshipa mdogo wa pembeni ukaonekana, nikamchoma. Alinipiga kucha mkononi. Tone likatoka, na mashine ikaonyesha zaidi ya mia nne.

"Voilà," alisema mama mkwe, kana kwamba ameshinda kesi.

Nikamwambia tusubiri. Paka akiogopa, sukari hupanda yenyewe, na huyu alikuwa ameshikwa na mgeni anayenuka ng'ombe. Niliangalia mkojo wake kwa vile vikaratasi ninavyotumia kwa ng'ombe, nikaona sukari nyingi, ila sumu ile inayotokea mwili ukianza kujila haikuwepo. Hilo lilinipa moyo. Nikalala kwa jamaa wa mke wangu mtaa wa pili. Kesho yake mama mkwe alimpakata, akawa anamsomea dua polepole, na mimi nikachoma sikio lilelile. Safari hii hakutikisika. Bado zaidi ya mia nne.

Mama mkwe alikuwa amesema kweli tangu kwenye simu. Nilimwambia hivyo, naye akashusha kitambaa cha kichwani, akakifunga upya.

Nilimpigia mwalimu wangu wa zamani aliyekuwa akitibu paka na mbwa wa mjini huko Tanzania. Alinieleza taratibu. Anza chini: alama moja ya insulini asubuhi, alama moja jioni, akishakula. Asipokula, usimchome kama kawaida, nipigie kwanza. Usibadilishe kipimo kabla ya wiki. Ukiongeza, ongeza nusu alama. Na usimtibu paka kwa namba moja uliyoiona siku moja. "Ikiwa juu sana kwa siku chache, hatakufa," alisema. "Ikiwa chini sana, anaweza kufa kabla ya chakula cha mchana."

Nilivuta insulini ya mama mkwe kwa bomba dogo la sindano, nikamwonyesha. Yeye alijichoma alama zaidi ya ishirini. Akasogeza bomba dirishani, akalitazama kwa jicho moja.

"Hii si dawa," alisema. "Hii ni salamu."

"Ndiyo kipimo chake, mama. Ana uzito wa kuku wawili."

"Na mi nitaona hii mstari namna gani?"

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Nilimshika mkono mama mkwe wangu. Nilisogeza kidole chake gumba juu ya bomba mpaka akahisi pale inaposimama alama moja, kisha nusu yake. Mkono wake ulikuwa mgumu kwa mkasi. Alitazama pembeni nami nilitazama pembeni, tukarudia mara kadhaa, mpaka kidole kikajua chenyewe. Kisha aliinua ngozi ya shingo ya paka, akachoma, paka akaendelea kula samaki. Yeye alikuwa amejichoma miaka mingi, alihitaji kuzoea kipimo kidogo tu.

Kuhusu chakula tulibishana zaidi. Nilisema chai iishe, andazi liishe, wali uishe. Ale ndagala, nyama, na mayai.

"Na mi?"

Niliogopa kumjibu. Mke wangu alikuwa amemwambia jambo hilo miaka mingi bila kusikilizwa.

"Wewe, mama, hata mimi sijakwambia kitu."

"Alors, tumefukuzwa wote mezani," alisema, akamtazama paka. Lakini kuanzia siku ile, kama alivyonisimulia mwenyewe baadaye, chai yake aliinywa bila sukari, kwa sababu paka alikuwa akimkodolea macho na yeye aliona aibu.

Nilirudi Gitega, na simu zikaanza. Alinipigia kila asubuhi baada ya kumpima, mahali popote nilipokuwa. Wafugaji wa Bugendana walizoea kuniona nikisimama katikati ya kilima cha maharage nikisema, "Mia tatu na ngapi? Amekula? Amekojoa sana? Basi tusibadilishe." Walidhani nina mgonjwa hospitalini, nami sikuwakatalia. Baada ya wiki tuliongeza nusu alama. Siku moja nilimwomba ampime mara kwa mara tangu asubuhi mpaka jioni, ili nione dawa inashuka mpaka wapi na inaishiwa nguvu saa ngapi. Alifunga duka siku hiyo. Wateja waliambiwa mwenye duka ana shughuli ya kifamilia.

Namba zikaanza kushuka. Si kwa haraka, na si kwa mstari ulionyooka, lakini zilishuka. Paka alipunguza maji. Alianza kujilamba tena, akaruka kwenye meza ya kukatia vitambaa. Mke wangu alisema, "Mama anakusifu." Nikamuuliza amesema nini. "Amesema huna haraka." Kwa mama mkwe wangu hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Haraka alikuwa nayo yeye. Ijumaa moja mchana, nikiwa Mutoyi kwenye chanjo ya mbuzi, simu ililia na nikasikia pumzi tu.

"Mama?"

"Anatembea kama mlevi. Ameanguka. Macho yake... Mkwe, macho iko wazi lakini hanioni."

"Asubuhi alikuwa na ngapi?"

"Mia tatu na zaidi. Imepanda. Mi nikaona salamu haitoshi. Nikamuongeza."

"Ulimpa ngapi?"

Alinitajia. Ilikuwa karibu mara mbili ya tulichopatana.

"Una asali?"

"Iko."

"Weka simu chini, usiikate. Mpake kwenye ufizi, kidogo kidogo kwa kidole. Usimmiminie kooni, atapaliwa."

Nilikaa kwenye jiwe. Mbuzi walikuwa wakilia wamefungwa kwa mstari, na watu walisubiri. Nilimsikia akihema, akimwita paka kwa jina lile la shemeji, akisoma, akimwita tena. Nilikuwa kwenye kilima cha mbali na hakuna nilichoweza kufanya kwa mikono yangu. Kisha nikasikia mlio mdogo, wa hasira, kama mlango mkavu.

"Amenilamba kidole," alisema. Halafu alilia. Sikuwahi kumsikia akilia, hata binti yake hakuwahi, na niliiacha simu sikioni mpaka alipomaliza.

Tulimlisha, tukampima tena na tena mpaka jioni. Dozi ya jioni nikaifuta. Siku iliyofuata hakunipigia. Nikapiga mimi.

"Mi nilikaribia kumuua," alisema. "Tafuta mtu mwingine amchome."

"Hakuna mtu mwingine ambaye paka ameuzoea mkono wake, mama."

Nikamweleza jambo ambalo hata mimi nililithibitisha kwa mwalimu wangu usiku uliopita: kwamba sukari ikishuka sana, mwili wa paka huogopa na kuipandisha juu wenyewe, kwa hiyo namba kubwa ya asubuhi wakati mwingine inasema dawa imezidi, haisemi imepungua. Huenda ile mia tatu ilikuja hivyo. Chakula kilikuwa kimebadilika, mwili umepona kidogo, na kile kilichomtosha mwanzo kilikuwa kimeanza kumzidi.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Donc tunapunguza."

"Tunapunguza."

Tulirudi alama moja, kisha nusu. Miezi ikapita. Namba za asubuhi zikawa za paka yeyote mwenye afya, na mwalimu wangu akasema tujaribu kuacha kabisa, tumpime tu. Paka, alisema, mara nyingine kongosho lake hupumzika likaamka. Nilikwenda Muyinga kwa ajili hiyo. Siku ya kwanza bila sindano mama mkwe aliketi na paka mapajani tangu asubuhi, mashine kando yake, kama mtu anayesubiri mgeni asiyemwamini. Sukari haikupanda. Siku iliyofuata pia. Wiki ikaisha.

"Kwa hiyo yeye amepona," alisema.

"Tuseme amepumzika."

"Na mi nabaki."

Alisema hivyo bila uchungu. Kisha akaniuliza swali ambalo hakuwahi kumuuliza mtu: kama na yeye angekuwa akijipima hivyo, asubuhi na jioni, siyo kujichoma kwa mazoea tu, ingesaidia? Nikasema mimi ni daktari wa ng'ombe. Akasema ameshaona. Siku ya kliniki tulikwenda pamoja. Nesi akamsikiliza akieleza namba zake, akampangia dozi upya. Kuanzia hapo simu ya asubuhi ilikuwa na namba zake mwenyewe, na baadaye haikuwa na namba hata moja. Alinipigia kunisimulia bei ya vitenge, mvua ya Gasorwe, jirani aliyeozesha binti. Siku moja, bila mimi kuuliza, alinisimulia miaka ile aliyokuwa akifunga mlango na kuufungua, na nani alikuwa naye ndani, na nani hakurudi. Nilimsimulia mimi kambi, foleni ya maji, na jinsi baba alivyokuwa akituimbisha majina ya vilima vya kwetu ili tusiyasahau. Tulizungumza mpaka salio likaisha.

Alikuja Gitega mara ya kwanza mwaka uliofuata, na paka ndani ya kikapu. Mama mkwe alikula samaki mezani pamoja nami, akanitania kwa mikono yangu inayonuka zizi, akamfundisha binti yake kukata gauni ambalo binti yake alikuwa akilikata kwa njia nyingine miaka yote. Alipokuwa akiondoka nilimwambia sukari ya paka inaweza kurudi siku moja, asishtuke.

Ilirudi. Nilijua baada ya siku kadhaa, katikati ya mazungumzo ya mambo mengine, aliposema amemrudishia nusu alama, amempima siku nzima, na anaendelea vizuri.

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Si ninakuambia?" alisema, akaendelea na habari ya jirani.