Bega la Shaabani

Shaabani alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma katika mtaa wa Buyenzi. Mwaka 1998, wakati nchi jirani zilipotuwekea vikwazo vya biashara, hakuna aliyeweza kuagiza vifaa vya mazoezi kutoka nje. Kwa hiyo Valéry alipofungua ukumbi wake wa kunyanyua vyuma, Shaabani ndiye aliyemtengenezea kila kitu kwa gia za malori mabovu na ekseli zilizonyooshwa.

Valéry alikuwa amerudi kutoka ughaibuni na mwili ambao mtaa haujawahi kuuona. Shingo yake ilikuwa nene kama paja la mtu. Vijana walijaa humo kila alasiri, na haikuwa kwa sababu ya urembo tu. Miaka ile ya vita kila mtu alitaka mwili wa kuogopwa. Shaabani naye alikuwa amewahi kushushwa kwenye basi njia ya Musaga, akapigwa na watu watatu asiweze kuinua hata mkono. Alikuwa na miaka thelathini na minne, mwembamba, baba wa watoto wawili. Akajiandikisha.

"Kila siku unakuja," Valéry alimwambia. "Apana kupumzika. Bega likiuma, ongeza chuma. Na ule mayai, ndiyo yamenipa huu mwili. We angalia mi, halafu uniambie kama najua ao sijui."

Nani angebisha? Jibu lilikuwa limesimama mbele yake, limevaa singlendi.

Mtu mmoja alibisha. Mwalimu Libère alikuwa amefundisha mazoezi ya viungo shuleni miaka ishirini na sita, kisha nyumba yake ya Kamenge ikachomwa, akahamia Buyenzi kwa dada yake. Alikuwa mzee wa miwani na miguu myembamba. Siku moja alisimama mlangoni akamtazama Shaabani akinyanyua.

"Mwanangu, bega hilo limechoka. Lipe siku tatu. Na upunguze uzito nusu."

"Mwalimu, anza kunenepesha mikono yako kwanza," Valéry alisema, na ukumbi mzima ukacheka. Shaabani alicheka pia. Kicheko hicho bado kinamuumiza akikikumbuka.

Wiki ya pili baada ya hapo, akiwa amelala kwenye benchi aliyoichomelea mwenyewe, alisikia kitu kikikatika ndani ya bega, kama kitambaa kinachochanwa. Chuma kilimwangukia kifuani. Valéry alikiinua kwa mkono mmoja.

"Hauna moyo, ndugu. We ni mvivu wa kuzaliwa. Na mayai haukukula. Mi nilikuambia."

Kwa miezi minne Shaabani hakuweza kushika kifaa cha kuchomelea. Mkewe, Asiya, alikuwa akimfunga vifungo vya shati kila asubuhi, kisha anakwenda kuuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, sokoni ili watoto wale. Na muda wote huo Shaabani aliamini kosa lilikuwa lake. Alimwambia Asiya kwamba yeye ni mvivu wa kuzaliwa.

Mkono ulipoanza kupata nafuu, Valéry alimwita atengeneze kabati la chuma lililokatika bawaba. Shaabani alipouvuta mlango, ukambakia mkononi, na ndani akaona sindano na maboksi ya dawa yaliyopangwa kama sabuni dukani. Alichukua boksi moja tupu, akaenda moja kwa moja kwa Mwalimu Libère.

Mzee aliinua miwani, akasoma maandishi yake ya Kifaransa kidogo kidogo.

"Homoni," alisema. "Mwenye kujichoma sindano hii ananyanyua kila siku na mwili wake unapona upesi. Wewe ulikuwa unafuata ratiba ya dawa, bila dawa."

Kesho yake saa kumi, ukumbi ukiwa umejaa, Shaabani aliweka boksi lile juu ya benchi.

"Kwa nini uliniambia ni mayai?"

Valéry alilitazama. Hakuona haya hata kidogo. "Nani aliniuliza?"

"Uliniita mvivu. Nilirudi kwa bibi yangu Asiya nikamwambia mi ni mvivu."

"Ulikuja mwenyewe. Sikukuvuta."

Shaabani aligeuka kwa wenzake, akingoja mmoja wao aseme neno. Kijana mmoja alisogea, akaokota boksi, akalisoma pande zote.

"Kaka Valéry," aliuliza kwa adabu, "hii inapatikana wapi?"

Shaabani alitoka nje.

Alikwenda kwa Mwalimu Libère na kumwomba radhi kwa kile kicheko. Mzee hakutaka maelezo marefu. Alimpa kidumu cha lita moja cha maji, akamwonyesha jinsi ya kukiinua polepole, mara kumi, halafu basi. Ilichukua mwaka mzima, lakini mkono ulirudi kazini, ingawa haupandi juu ya kichwa mpaka leo.

Ukumbi wa Valéry haukupungua watu. Wateja wakija kwa Shaabani kuagiza vyuma, anawauliza ni nani anayewafundisha. Wakianza kumsifu mtu kwa mikono yake, anawakatiza: "Sikuulizi mikono yake. Amefundisha nani, na huyo mutu yuko wapi leo?"

Asiya humwambia asamehe, yamepita. Shaabani hujibu kwamba sindano alishaisamehe zamani. Mwili ni wa mwenyewe. Neno lile, mvivu, hajalisamehe.