Chawa Kichwani kwa Bibi Harusi

Mimi siamini mtu upesi, na jirani yangu Dahabo haamini mtu kabisa. Labda ndiyo maana tumepatana miaka yote hii hapa Garsen. Yeye ni msusi. Maharusi huletwa kwake hata kutoka Wenje, naye huwalaza kichwa pajani, akawapaka samli na kuwasuka nywele ndogo ndogo, huku paka wake mweupe amelala pembeni juu ya mto. Mteja akimsifia kazi, Dahabo humtazama kwanza ajue anataka nini.

Wiki iliyopita Fatma wa Kipini, anayemwoza binti yake Sumeya, alikuja amefura. Sumeya alisukwa kwa Dahabo, na sasa kichwa kimejaa chawa. Harusi ni Ijumaa hii.

"Ni huyu paka," Fatma alisema. "Nimemwona kwa macho yangu akijikuna. Mwondoe, mwenzangu, la sivyo hapana mtu wetu atakayekaa tena kwenye mkeka huu."

Alipoondoka, Dahabo alimpakata paka wake. "Mama Danson, wewe unaona aje? Hii paka nimelea kwa mkono yangu. Nitupe wapi?"

Nilimwonea huruma, lakini paka mwenyewe nilimshuku pia. Nikamshauri tumpeleke kwa daktari wa mifugo, ambaye siku ya mnada hukaa karibu na zizi la mbuzi. Daktari akapekua manyoya, akatoa vidudu vyenye kichwa kilichochongoka.

"Chawa iko," akasema. Dahabo akafumba macho. "Lakini hii ni ya paka. Kwa mtu itakufa njaa, na ya mtu kwa paka itakufa vile vile. Huyo msichana amepata kwa mtu."

Tulirudi tukicheka, paka akilia kikapuni. Kufika nyumbani, kicheko kikaisha. Kama ni mtu, ni nani? Dahabo akaanza kutaja majina. Yule wa Tarasaa anayeazimana mitandio. Muna, asiyekuwa na chanuo lake. Akanitazama hata mimi, na sikupenda. Tangu hapo kila aliyekuja kusukwa alipekuliwa kama mwizi. Hakuna aliyekutwa na kitu, na wateja wakaanza kupungua.

Jana nilikuwa nimekaa naye barazani. Alikuwa akiwalaumu watu wale wale, huku akijikuna juu ya mtandio kwa ncha ya chanuo, bila kujijua.

"Na chako?" nikamuuliza. "Kichwa chako nani hukitazama?"

Alinikazia macho. Nikadhani atanifukuza. Kisha akashuka mkekani, akakaa mbele yangu, akafungua mtandio. Msusi wa maharusi wote hawa, nywele zake mwenyewe zilikuwa zimekusanywa fundo moja tu, zimeshikana. Nilitenganisha nyuma ya sikio, nikaona mayai, halafu nikawaona wenyewe wakikimbia.

"Iko?" akauliza.

Nilitamani kudanganya. "Wapo."

Mabega yake yalishuka. "Basi nitaenda kwa Fatma. Nimwambie mimi mwenyewe, kabla ya Ijumaa."

Nikataka kuinuka nikamtafutie dawa. Akanishika goti.

"Kaa kwanza, dada. Tangu mama yangu alikufa, hakuna mtu amenishika kichwa."