Bunduki ya Rangi ya Kagure

Kwa miaka kumi na mmoja Kagure alipiga msasa magari katika karakana yao ndogo pembeni mwa mji wa Nyeri, na mumewe, Mathenge, akayapulizia rangi. Mathenge hakuwahi kuvaa barakoa. Alijifunga kitambaa tu puani. Mwaka huu mapafu yakagoma. Bunduki yake ya kupulizia rangi iliuzwa alipolazwa, na sasa alikuwa amerudishwa nyumbani, chumba kilichopakana na karakana, asiweze kwenda hatua kumi bila kushika ukuta.

Hapo ndipo Nderitu wa Kiriaini alipoleta pikapu yake ya kubebea majani chai. Alitaka milango miwili ipigwe rangi kabla ya Jumamosi. Kagure hakumwambia kwamba hajawahi kupuliza rangi maishani. Alikubali, maana nyumbani unga ulikuwa umeisha.

Dukani alinyoosha kidole kwenye bunduki kubwa, kama ile ya Mathenge.

"Uko na kompresa gani, mama?" akauliza Nirav, mwenye duka.

"Ile ndogo. Ile mashine kubwa ya hewa tuliuza."

"Basi hii itakusumbua. Inataka hewa mingi. Chukua hii ndogo, ya kikombe juu. Utaenda pole pole."

Alichokuwa nacho mkononi kilitosha bunduki kubwa peke yake, au ndogo pamoja na barakoa ya vichujio. Alisimama pale mpaka mteja wa nyuma yake akaanza kunung'unika.

"Nipe ndogo," akasema. "Na hiyo ya uso."

Alhamisi asubuhi alianza mlango wa kwanza. Rangi ikatiririka mpaka chini. Mathenge akagonga ukuta kutoka kitandani, akamwita mkewe kwa jina la mtoto wao.

"Mama Watiri, naisikia. Inatema. Punguza rangi, na usisimamishe mkono."

Kagure alilia ndani ya barakoa, kisha akapiga msasa mlango mzima na kuanza upya. Mchana ukungu ukashuka kutoka mlimani, rangi ikapauka. Akaiondoa tena. Ijumaa jua lilipotoka alipuliza milango yote miwili. Mmoja ulitoka laini. Wa pili ulitoka na vinundu kama ganda la chungwa, na rangi ilikuwa imeisha.

Nderitu alipokuja alipitisha kiganja juu ya milango, polepole.

"Huu ni sawa. Huu mwingine, hapana. Nitautafutia fundi Karatina."

Akalipa mlango mmoja, akaondoka.

"Wa pili ulikuwaje?" Mathenge akauliza.

"Mbaya. Kama ganda la chungwa."

"Ulikuwa unaishika bunduki mbali sana. Rangi inakauka kabla ifike." Kikohozi kikamkamata, na Kagure akamshika mgongo mpaka kikapita. Halafu akarudi karakanani kuiosha bunduki kwa tina ya kuyeyushia rangi, sehemu moja moja, kwa sababu rangi ikikauka ndani angekuwa hana hata hiyo.